Wanawake Hawatazami

Mwaka wa 1958, mjini Nakuru, alikuwako mtu mmoja aliyeajiriwa kutazama watu wakivuka barabara, na mtu huyo alikuwa Thuo. Marafiki zake walimcheka mpaka mbavu zikawauma. Wao walishinda wakibeba magunia kwenye maghala ya ngano, naye alikaa kwenye stuli barazani, tai shingoni, viatu viking'aa, macho barabarani. Kazi gani hiyo, walimuuliza, hata ng'ombe hutazama barabara. Thuo alicheka pamoja nao, lakini moyoni alijiona mtu mkubwa, na taabu yake ilianzia hapo.

Kazi yenyewe ilitoka kwa Bwana Harding, mhandisi wa barabara, aliyekuwa amerudi kutoka likizo kwao Uingereza na wazo jipya kichwani. Huko kwao watu walivukia kwenye mistari myeupe iliyopakwa barabarani, na magari yakawasubiri. Alitaka mistari kama hiyo mbele ya soko, maana malori ya ngano kutoka Njoro na ya mahindi kutoka Subukia yalipita pale kana kwamba yanafukuzwa. Lakini kwanza alitaka kujua watu huvukia wapi, na kama hutazama kulia na kushoto kabla ya kuvuka. Ni hayo tu.

Thuo alichagua baraza la kinu cha unga, kwa sababu lilikuwa na kivuli na lilielekeana na lango la soko. Injini ya kinu ilinguruma kutwa nzima, hata mtu akikuamkia unamjibu kwa kukisia. Wanaume walivuka popote walipojisikia, wengine wakisukuma baiskeli, wengine wakibishana katikati ya barabara kama wako sebuleni. Wanawake walioteremka kutoka upande wa Menengai na mizigo ya kuni na viazi walifanya jambo lisiloeleweka. Walifika mkabala na lango la soko, wakalipita, wakateremka mpaka penye mkaratusi, mbali na kinu. Wakasimama kimya ukingoni, kisha wakavuka. Halafu walirudi juu tena kuingia sokoni, mzigo ungali mgongoni.

Mgeni angedhani wamechanganyikiwa. Thuo hakuwa mgeni, na alijua sababu siku ile ya kwanza, kabla chai yake haijapoa.

Mama yake alibeba hivyo hivyo kwenye shamba la mzungu kule Njoro. Mzigo hukaa mgongoni na hushikiliwa na mukwa, ukanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso. Shingo hukakamaa, kichwa huinama, na mwanamke haoni ila vidole vya miguu yake na kipande kidogo cha ardhi mbele yake. Hawezi kugeuza kichwa. Akitaka kutazama pembeni sharti ageuke mwili mzima, na hapo mzigo humyumbisha. Basi yeye huvuka kwa masikio. Kila walipofika barabarani, mama yake alimshika Thuo mkono akamwambia, "Nyamaza tuvuke." Wanawake hawa walikuwa wakiukimbia mngurumo wa kinu ili wasikie magari.

Bwana Harding alipomwita ofisini, ramani ilikuwa imeshatandazwa mezani na mistari imeshachorwa kwa penseli, mbele ya kinu hasa. Alikuwa ameshawaahidi wakubwa wake.

"Hapa iko mzuri, eh?" alisema kwa kile Kiswahili chake cha kuamrisha wapishi. "Na hawa bibi, wao natazama gari?"

Hapo ndipo Thuo alipopaswa kusema. Lakini kusema kulikuwa ni kumweleza Bwana habari za shingo ya mama yake, na bonde ambalo mukwa ulikuwa umelichimba kwenye paji lake. Hakuna mtu wa ofisini aliyejua kwamba karani mwenye tai alilelewa na mbeba kuni. Aliona haya. Isitoshe, kulikuwa na fununu za cheo.

"Hapana, Bwana," alisema. "Wanawake hawatazami."

Na kweli hawakutazama. Thuo alijifariji kwa hilo njia nzima ya kurudi nyumbani, kwamba hakusema uongo hata kidogo.

Mistari ikapakwa, mizuri ajabu. Askari akawekwa penye mkaratusi kuwarudisha wanawake juu, wavukie mbele ya kinu kama watu wastaarabu. Walibisha, wakasukumwa, wakanyamaza. Thuo akapata cheo chake, na tangu hapo akawa anakwenda kazini kwa barabara ya nyuma, eti ina hewa safi. Hewa safi gani, na machinjio yako huko!

Siku moja ya soko, karibu na Pasaka, Wangare alivuka kwenye mistari na gunia la viazi mgongoni. Alikuwa mjane, na sokoni walimwita mama Mburu. Lori la ngano la dereva Kiplangat lilikuwa linakuja. Kiplangat alipiga honi. Kila aliyekuwa ng'ambo ya pili aliapa kwamba alipiga. Lakini kinu kilikuwa kikinguruma, na mama Mburu alikuwa akiangalia vidole vyake. Lori lilimpiga ubavuni na mguu wake ukavunjika vibaya.

Mambo hayakuishia hospitali. Polisi walimshtaki Wangare kwa kuvuka ovyo bila kutazama. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka Mau Mau, na Mkikuyu akipatikana na kosa aliweza kunyang'anywa kibali cha kukaa mjini. Wangare angepakiwa na kupelekwa Kiambu, kwa watu asiopata kuwaona, yeye aliyezaliwa papa hapa Bonde la Ufa.

"Wewe nakuja kortini," Bwana Harding alimwambia Thuo. "Wewe nasema kama ile siku. Bibi hapana tazama."

Thuo alisema ndiyo Bwana, akatoka nje.

Dhamiri ilimsuta mpaka chakula kikamshinda. Akiona ugali aliona gunia. Akiketi ofisini alisikia honi. Alijaribu kumlaumu Kiplangat, akamlaumu askari, akamlaumu hata mwenye kinu, na kila lawama ilizunguka ikarudi kuketi kwenye stuli yake mwenyewe. Yeye ndiye aliyemvunja mama yule mguu, na sasa alikuwa ameitwa amfukuzishe mjini pia. Ilipobaki siku chache kesi isikizwe, alijikaza akaingia kwa Bwana Harding bila kubisha hodi.

"Bwana, nilikuficha. Wale wanawake hawawezi kutazama. Mukwa unawazuia."

Bwana Harding alikunja uso. "Kwa nini hapana geuza kichwa? Shingo iko."

Thuo alieleza, akaeleza tena, akajishika paji kuonyesha. Ilikuwa kama kumweleza mtu ladha ya chumvi. Mwishowe akamwomba waende wote mpaka kwenye kinu.

Pale alimkuta mwanamke mmoja, Wangu, akipumzika na gunia lake la viazi. Thuo akamwomba ampe mzigo ule, na mukwa wake. Wangu alimtazama kama mwenda wazimu. Kwa Wakikuyu mwanamume habebi kwa mukwa. Huo ni ubebaji wa mwanamke, na mwanamume akiuvaa amejivua heshima mchana kweupe. Thuo aliuvaa, na tai yake shingoni. Soko zima lilivunjika kwa kicheko. Mzee mmoja alitema mate chini akageuka asimwone.

"Ngai, karani ameolewa!" mtu alipaza sauti.

Aibu ilimwaka masikioni, naye akaifurahia, maana aliona amestahili. Akasogea mpaka kwenye mistari, kichwa chini. Aliona ncha za viatu vyake na weupe wa rangi, basi. Akajaribu kugeuka kulia. Gunia likamvuta, akapepesuka hatua kadhaa kuingia barabarani. Injini ilikuwa ikimjaa kichwani. Ghafla mkono ukamkamata kwa nyuma, ukamtupa ukingoni pamoja na viazi, na lori likapita likimwachia vumbi usoni.

Bwana Harding alikuwa amesimama juu yake, mweupe kama chokaa. "Mimi naita wewe!" alipiga kelele. "Mimi naita, naita!"

"Sikukusikia, Bwana," alisema Thuo.

Juma lile lile mistari ilifutwa, ikapakwa upya penye mkaratusi, na kwa ombi la Bwana Harding mashtaka ya Wangare yakaondolewa. Wanawake wa sokoni walimsahau yule karani aliyeolewa wakaanza kumwita mwana wetu, na Wangu akampa kabeji bure. Sifa zile zilimchoma kuliko kicheko. Kila aliyemshukuru alimkumbusha alichonyamazia.

Akaenda hospitali na paketi ya sukari. Mlangoni mwa wodi alikutana na daktari, ambaye alidhani ni ndugu wa mgonjwa, akamwambia kwa upole kwamba mguu ule hautanyooka, na mama huyo hatabeba mzigo tena maishani. Mgonjwa mwenyewe alikuwa hajaambiwa.

Wangare alikuwa amelala, mguu ndani ya plasta. Alipomwona uso ukamchangamka.

"Nimesikia ulivyofanya, mwanangu. Mungu akubariki."

Thuo angeweza kuipokea baraka ile akaenda zake. Badala yake akaiweka ile sukari kitandani.

"Mama, nilijua tangu mwanzo," alisema. "Kabla mistari haijapakwa. Mama yangu alibeba kama wewe. Niliulizwa, nikaona haya kumtaja, nikasema hamtazami."

Wangare akauliza, "Na siku ile nilipogongwa, ulikuwa wapi?"

"Barabara ya nyuma. Nilipitia huko nisiwaone."

Aliichukua sukari akaiweka chini ya mto.

"Sitakudanganya, nina hasira na wewe," alisema. "Msamaha usiniombe leo. Siku nitakapobeba viazi vyangu tena mpaka sokoni, njoo tuvuke pamoja. Hapo nitakusamehe, na nitakusamehe kabisa."

Thuo alifungua kinywa amwambie alichosema daktari. Mama Mburu alikuwa akimtazama, akingoja, na mkono wake ulikuwa ukiusugua taratibu ule mguu juu ya plasta.

"Sawa, mama," alisema Thuo. "Siku hiyo nitakuja."