Ubongo Wenye Njaa

Mtoto alikuwa na miaka mitano na hajatamka hata neno moja. Kifafa kilimwangusha mara kwa mara, lakini picha za kichwa alizopigwa mwanzo zilikuwa safi.

"Basi ni ukaidi," mjomba wake alisema. "Mtoto wa bibi huyo, kadekezwa."

Bibi ndiye aliyemlea mjukuu huyo wa kike tangu mama yake afariki. Alimwona mtoto akihangaika machoni, kama mtu apapasaye kiberiti gizani.

Siku hiyo mpiga picha wa hospitali alimlaza mtoto, amesinzia kwa dawa, mbele ya mashine yenye tundu kubwa.

"Leo si picha tu, bibi. Tutauonja ubongo wake."

Bibi akamnyakua mtoto kitandani. "Mumwonje mke mwenzangu? Kwani mchuzi huyu?"

Mpiga picha akacheka hadi akashika ukuta. "Hatutii kijiko, bibi! Sumaku inavitikisa vilivyomo kichwani, kila kimoja kinajibu kwa mlio wake. Sisi tunasikiliza tu."

"Hamtoboi?"

"Hata unywele hatuugusi."

"Haya. Kwa jina la Mungu."

Nyuma ya kioo, mashine ikagonga kama mafundi bati. Kwenye skrini ukachomoza mstari wenye vilima. Mpiga picha akarudia kipimo, akamwita daktari.

"Hapa palitakiwa kilima," daktari akasema, kidole kwenye sehemu tambarare. "Cha krietini, inayoupa ubongo nguvu. Ubongo wake umeumbwa vizuri, bibi, ila una njaa. Mwili haujui kuitengeneza krietini hiyo."

"Dawa ipo?"

"Upo unga wa krietini, wa kunywa. Damu na mkojo vithibitishe kwanza. Lakini siwezi kukuahidi yote."

Bibi akautazama utambarare ule. Miaka yote njaa imekaa pale, haijulikani ila kwa Aliyemuumba. Na leo wanadamu wameisikia bila kufungua mfupa. Ametukuka Yeye aliyewapa masikio hayo.

Vipimo vikathibitisha. Unga ukaanza, kifafa kikapungua, mtoto akawa anageuka akiitwa. Miezi ikapita. Asubuhi moja bibi akamletea kikombe cha ule unga, mtoto akakisukuma.

"Staki."

"Umesemaje?"

"Staki!"

Bibi akaketi sakafuni, machozi na kicheko pamoja, akimshukuru Mungu kwa ukaidi ule.

"Utakunywa, mke mwenza, utake usitake," akasema. "Ila hebu nikatalie tena."