Vitu vya Wenyewe

Mikono ya Auleria ilikuwa nyuma, imeshikana, na haikutoka huko. Mbele yake, juu ya mkeka wa shule, Bibi alikuwa amemwaga vibao vya rangi, mwanasesere na ngoma ndogo ya bati. Mtoto akavitazama kimoja kimoja, akameza mate.

"Usimwambie kitu, Demetria," Bibi alisema. "Mtoto hujionyesha mwenyewe."

Demetria akarudi nyuma hatua moja. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu akiwa yaya wa Robin, mtoto wa Bibi huyu wa Kizungu, kule Oyster Bay, na maneno hayo aliyajua kama Baba Yetu. Yalitoka kwenye kitabu cha malezi ambacho Bibi hakumnawisha mtoto uso kabla ya kukifungua. Kitabu kilisema mtoto hujifunza kwa kushika. Basi Robin akashika! Alimwaga unga, akavunja sahani, akachora ukuta kwa mkaa, na Bibi akampigia makofi. Wa kufagia alikuwa Demetria. Alimwonea wivu mtoto wa miaka minne, wala hakuona haya. Wake, Auleria wa miaka mitano, alishinda ameketi juu ya gunia mlangoni mwa jiko, na sheria yake ilikuwa moja tu. Bibi aliitoa siku ya kwanza: "Anaweza kukaa, lakini asiguse kitu."

Siku moja gari la Robin lilibingirika hadi miguuni pa Auleria, naye akaliokota. Demetria alimchapa viganja kwa mwiko, Bibi akiona, ili kibarua kisiote nyasi. Samaki mkunje angali mbichi. Alimkunja, na akakunjika.

Sasa Bibi hakutaka tena mtoto jikoni kuanzia mwezi ujao. Hapa Kinondoni ilikuwa imefunguliwa shule ya watoto wadogo, Bibi mwenyewe ndiye mpimaji wa wanaotaka kuingia, na nafasi ilibaki moja. Auleria akiikosa, atafungiwa chumbani peke yake tangu alfajiri hadi magharibi. Ndugu wa Demetria wote wako Bukoba. Nani wa kumwachia?

Jovina, binti wa karani mmoja aitwaye Fransis, aliyeletwa na mama yake kuwania nafasi hiyo hiyo, hakungoja kuitwa. Alirukia mkeka, akakwapua mwanasesere, akaipiga ngoma mpaka masikio yakauma.

"Ona!" Bibi akacheka. "Huyu yuko tayari."

Yuko tayari na kamasi mpaka mdomoni! Demetria alitamani amfinye. Wake kaogeshwa, kapakwa mafuta, katulia kama alivyofunzwa, halafu anayesifiwa ni huyu asiye na adabu. Mama yake Jovina alijifanya anarekebisha kanga, lakini tabasamu lilimponyoka.

"Na wewe, Auleria? Hutaki kucheza?"

"Shikamoo," Auleria akajibu, akapiga goti.

Bibi akaandika. "Pole, Demetria. Hana udadisi. Kwa umri wake, akili bado imelala."

"Bibi, huyu anajua rangi zote. Anahesabu mpaka hamsini. Hagusi kwa sababu..." Akamtazama Bibi usoni. "Kwa sababu wewe ulimkataza."

Bibi hakukasirika. Alishangaa tu. "Kule ni nyumbani kwangu, hapa ni shule. Mtoto mwenye akili angejua tofauti."

"Basi nimwambie ashike?"

"Ukimwambia, kipimo kinaharibika."

Hapo uvumilivu ukamwisha. Demetria alipiga magoti mkekani, akaunyakua mkono wa mwanawe kutoka mgongoni na kuuburura hadi kwenye kibao chekundu. "Shika! Mwenzako anashika, nawe shika! Una nini wewe?"

"Si vyetu, mama!" Auleria alipiga yowe, kakunja ngumi, kajikaza mwili mzima. "Ni vya wenyewe! Usinipige, mama, sijagusa! Sijagusa!"

Ngoma ilinyamaza. Watu wote walimtazama Demetria, na yeye alikuwa bado kaushikilia ule mkono mdogo.

Bibi aliongeza mstari mmoja kwenye karatasi ya Auleria, taratibu, kwa huzuni ya kweli kabisa.

"Kumbe nyumbani anapigwa," alisema. "Demetria, ungeniambia mapema. Kitabu kinasema mambo haya yote huanzia kwa mama."

Kisha akachukua karatasi nyingine, akauliza jina la Jovina linaandikwaje.