Njia Inayoanzia Barazani kwa Mkadam

Msitu wa Mitondooni, ambao Mkadam alikuwa msimamizi wake, ulikuwa vichaka tu vilivyosahauliwa baina ya mji na Mbweni. Sisi wanawake wa jirani tulikuwa tukiingia kukata ukindu wa kusukia misala ya kuswalia, kisha tukirudi majumbani kwetu. Mwaka wa hamsini na nne wakubwa wakaamua pachongwe njia, ili watu wa mjini waje watembee. Watembee kwenda wapi? Hakuna. Unaingia, unazunguka, unatokea pale pale ulipoingia, na jasho linakutiririka. Mtu mwenye akili zake hatembei hivyo. Lakini Mkadam alipewa kofia na vibarua wa kuichonga njia hiyo, na tangu siku ile hakuitika salamu mpaka umwamkie mara mbili.

Mimi ni Khamisa. Nyumba yangu ilitazamana na yake, pale ukingoni mwa msitu, basi sisimulii ya kuambiwa.

Mkewe, Kidawa, alikuwa mtoto wa Kikwajuni, mpole kupita kiasi. Siku moja Mkadam alikuwa akimtembeza Mzungu wa misitu, wakakutana na Kidawa njiani, mzigo wa ukindu kichwani. Mimi nilikuwa nyuma yake na mzigo wangu. Mzungu akauliza huyu nani. Mkadam akasema hamjui. Hamjui! Mwanamke anayempikia na kumfulia hiyo kanzu, hamjui.

Jioni ile sauti yake ilifika mpaka jikoni kwangu.

"Umenitia aibu! Wallahi, ukiikanyaga tena njia yangu, umeachika talaka tatu!"

Tatu. Angesema moja, angekuwa na pa kurejea. Lakini Mkadam hakuwahi kuona kidogo kikamtosha.

Kidawa aliacha kukata ukindu, akawa anauomba kwangu. Alikuwa akiitaka ndoa yake, na sababu msiniulize mimi.

Njia ilipokaribia kwisha, Mkadam mwenyewe alikwenda kumwomba Mzungu ianzie barazani kwake, izunguke msitu, imalizikie uani kwake, ili kila mgeni ampitie yeye kwanza na yeye mwisho. Mzungu akakubali. Vibarua wakachimba, wakamwaga kifusi, njia ikaizunguka nyumba nzima na mawe yake yaliyopakwa chokaa, mbele mpaka ukingoni mwa baraza, nyuma mpaka mlango wa jikoni. Mkadam akasimama kuitazama kazi, kiuno kashika. Kisha akamwita mkewe, akachote maji kisimani.

"Nende na ndoa yangu, au niiache hapa?" Kidawa akamuuliza.

Mkadam alikuwa kasahau. Ameapa kwa Mungu, na amesahau! Nilimwona anavyotazama mlango wa mbele, halafu wa nyuma, mdomo wazi.

Msikitini wanaume wakapata mazungumzo ya wiki nzima. Akiwekewa ubao juu ya njia, atakuwa kaikanyaga? Akibebwa je? Mmoja alisema apakiwe kwenye gari la ng'ombe. Sheikh Abdulla aliwanyamazisha, akamwambia Mkadam, "Kiapo chako ni cha njia. Ng'oa mawe ya uani, palime, panda mihogo. Pakishakuwa shamba si njia tena, na mkeo atatoka na ndoa yake."

Kazi ya alasiri moja. Mkadam akajibu, "Baada ya ufunguzi, inshallah." Ufunguzi ulikuwa Jumamosi ya wiki ya pili, na yeye hakutaka Mzungu aione njia imekatika.

Basi mke akakaa ndani, nami nikawa namchotea maji. Nilimkuta mume uani anarudishia chokaa mahali kuku walipochafua.

"Huoni haya, Mkadam? Umemfunga mwenzio kwa mawe."

"Bi Khamisa, haya mambo ya serikali. Huyafahamu."

Alhamisi akaja Matar, kaka yake Kidawa. Mama yao Kikwajuni alikuwa taabani, hali chakula, anamwita Kidawa tu. Mkadam alimsikiliza huku anafuta kofia yake. Akasema mama avumilie, Jumamosi si mbali. Nilitema mate chini mbele yake, na sijutii.

Jumamosi ikafika. Makarani wakapanga viti, utepe ukafungwa baina ya nguzo za baraza, Sheikh Abdulla akaombwa aje kusoma dua. Mkadam alikuwa kavaa kofia, fimbo mkononi, anacheka hata pasipo na kichekesho. Mzungu kashika mkasi tayari, mara Matar akatokea anahema.

"Dada! Kama unataka kumkuta mama yu hai, twende sasa hivi."

Kidawa akatoka mlangoni na buibui lake. Akasimama ukingoni mwa baraza, nyuma ya utepe.

"Bwana," akasema, "mama anakata roho. Ng'oa mawe ya uani nipite. Nakuomba mbele ya watu hawa."

"Rudi ndani," Mkadam akamwambia kwa sauti ya chini, meno nje bado. "Wageni huwaoni?"

"Nawaona."

Alingoja. Mimi nilikuwapo, nakwambieni alingoja, kwa muda ambao mwanamume mwenye moyo angekwishang'oa mawe yote kwa kucha zake. Mkadam akaiweka sawa kofia yake.

"Sheikh Abdulla," Kidawa akasema, "shuhudia."

Akainama chini ya utepe, akateremsha mguu wa kulia, akaikanyaga njia. Kisha wa kushoto. Machozi yalikuwa yakimtoka, na mimi pia.

Mzungu hakufahamu neno. Alidhani imepangwa hivyo, kwamba mwanamke wa nyumba ile awe wa mwanzo kutembea, na jambo hilo likampendeza sana. Akatia mkasi mfukoni, akapiga makofi. Makarani kuona mkubwa anapiga, wakapiga na wao. Kidawa alikuwa anakwenda mbio nyuma ya Matar, hakugeuka.

Mkadam alimtazama mkewe, akamtazama Mzungu. Halafu akaibana fimbo kwapani, na yeye akapiga makofi.