Wimbo wa Kukamulia

Maxine alikuwa na siku tano tu tangu ajifungue mtoto wa pili, kwa hivyo mumewe Kipkemboi ndiye aliyempeleka binti yao wa kwanza, Nelvine, hospitali kutoka Roret. Msichana huyo wa mwaka mmoja na nusu alikuwa amebanwa na nimonia. Kila alipovuta pumzi kifua kilibonyea chini ya mbavu, na ulimi ulishaanza kubadilika rangi.

Sista Edinah hakukawia. Alimtia mirija miwili mifupi puani. Mpira mmoja uliounganishwa nayo ulileta oksijeni, mwingine akautumbukiza kwenye chupa ya maji, na maji yakaanza kutokota bila moto.

"Hii haimpumulii," alisema. "Inasukuma tu hewa, mapafu yasijifunge. Maji yakichemka hivi, tuko sawa. Akilia, mdomo unafunguka, hewa inatoroka. Mtulize, Baba Nelvine."

Nelvine akalia. Maji yakanyamaza. Akaikamata mirija aing'oe, babake akamshika mikono. Wodi ilijaa akina mama, wote macho kwake. Kipkemboi hakujua hata wimbo mmoja wa watoto. Alichojua ni kukamua.

Akainama, akaanza kwa ile sauti ya zizini, polepole, karibu aimbe: "Tulia, Madoa. Tulia, mama. Rudisha mguu. Eeeh, hivyo hivyo."

Mama wa kitanda cha pili, Yunia, akaangua kicheko. "Baba, huyo ni mtoto ama ni ng'ombe?"

"Sijui kuimba kitu ingine," Kipkemboi alijibu, uso ukimwaka.

"Basi imba hiyo hiyo! Angalia chupa!"

Maji yalikuwa yakichemka. Nelvine alikuwa amefumba mdomo, anamkodolea babake macho.

Aliimba mpaka sauti ikakauka. Alipoenda kunywa chai, Yunia alishika zamu, na yeye naye akamwita mtoto Madoa.

Siku ya tatu asubuhi Edinah aliitoa mirija. Akahesabu pumzi kwa saa yake, akarudia kuhesabu, kisha akacheka kwa sauti. "Huyu amepona kifua!"

Nelvine hakumsikiliza. Alikuwa ameona kikombe cha Yunia, na kabla mtu hajamzuia alikuwa amekizamia mpaka mashavuni.

Kipkemboi alipiga simu nyumbani. "Maxine! Anakula!"

"Anakula nini?"

"Uji ya wenyewe!"