Mama Kwenye Kuta za Mteremko

Nilikwenda kumwona mdogo wangu kama mtalii. Nilijiandikisha kwa simu kwenye matembezi ya kuangalia sanaa, nikajiita Mama Brenda wa Dar es Salaam. Nikavaa kofia pana na miwani ya jua, nikasimama Moshi mjini na wageni wengine wanne kama mtu ambaye hajawahi kuona mgomba. Nina miaka hamsini na miwili. Nimezaliwa Kilema, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka pale niliposimama.

Mdogo wangu anaitwa Sirili, ni mchoraji. Miaka minne iliyopita, siku tuliyomzika mama yetu Mektrida, nilisimama mbele ya padre na ukoo mzima nikasema Sirili amemwacha mama afe huku yeye akichezea rangi, na kwamba hata kunipigia simu nije nimuage hakuona umuhimu. Mimi nina mdomo. Wanangu wananiita Hakimu, na siku ile nilihukumu bila kusikiliza shahidi hata mmoja. Sirili alichukua koleo akaendelea kufukia. Hatujasemezana tangu hapo.

Halafu mwezi wa pili mwaka huu nikakutana na muuguzi aliyemhudumia mama. Akaniambia ugonjwa ule haukuwa na dawa popote, na kwamba kila siku ya kliniki Sirili alimbeba mama mgongoni, kutoka juu mlimani mpaka barabarani. Nikaona aibu mpaka chakula kikanishinda. Nilitaka kumwomba Sirili msamaha ana kwa ana, ila niliogopa kufukuzwa mlangoni. Mtalii, nani amfukuze?

Mteremko, anakoishi Sirili, ni mtaa ulioanza kupanda mlima ukasahau kusimama. Nyumba zimekaa mabegani mwa nyumba nyingine, migomba imejipenyeza katikati, na gari halifiki. Kuna ngazi za mawe, na pembeni yake mfongo, ule mfereji wa wazee, bado unateremsha maji baridi kutoka msituni. Wachoraji walihamia pale mmoja mmoja, na sasa hakuna ukuta uliobaki mtupu. Mabanda ya ng'ombe yamechorwa. Choo cha mtu kimechorwa twiga anayechungulia ndani, na mwenye choo anajivunia.

Kiongozi wetu alikuwa Jesse, kijana aliyewahi kuwa mpagazi wa mlimani. "Wageni wangu, tunapanda taratibu," alisema. "Huko juu hakuna medali."

Ukuta wa kwanza ulikuwa na binti wa miaka kama kumi, amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, miguu peku, anapanda ngazi zilezile tulizokuwa tukipanda sisi. Wa pili ulikuwa na msichana aliyevaa viatu vya kuazima, anaelekea kanisani, kisigino kimetoka nje ya kiatu. Nilipita nikiwaza tu kwamba mchoraji ana mkono mzuri. Kwenye ukuta wa tatu, mwanamke alikuwa anageuza kahawa juani na mtoto wa kike amemshika kanga. Bega la kushoto la yule mwanamke lilikuwa limeshuka kidogo.

Nikasimama. Lile bega nalijua. Mama aliangukia shina la mbuni akiwa mjamzito, na bega halikurudi tena mahali pake.

"Haka katoto kana hasira," akasema mgeni mmoja, akicheka. Kweli mtoto alikuwa amekunja uso kama mtu anayedai haki mahakamani.

"Huyo ni dada yake msanii," Jesse akasema. "Msanii anasema ndivyo alivyozaliwa."

Nikavuta kofia chini. Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana nilikuwa nimeshaelewa tunapandia nini. Sirili alikuwa amempandisha mama mlima, tangu yule binti wa majani. Kila kona tuliyokata alikuwa mbele yetu, amezeeka kidogo. Hapa amembeba Sirili mgongoni, pale anasonga mtori wa ndizi kwenye sufuria pana, pengine amesimama na barua mkononi akimsubiri mtu wa kumsomea. Vile vidole nilivijua, na zile nyufa za visigino nilikuwa nikizipaka mafuta mwenyewe nikija likizo. Amechora mpaka kovu la panga kwenye goti. Tulipofika kona ya sita wingu lilifunguka, kilele cha Kibo kikatokea cheupe juu ya mabati, na wenzangu wote wakatoa simu. Mimi niliupa mlima mgongo. Niliweka kiganja kwenye ukuta, kwenye shavu la mama, na ukuta ulikuwa na joto la jua.

Nilijiuliza ni mtu gani anaweza kumtazama mwenzake kiasi kile. Huyu ndiye niliyemwambia anachezea rangi.

"Nyumba ya msanii ndiyo hiyo juu," Jesse akasema. "Mchoro wa mwisho uko ndani ya uwanja. Atawakaribisha mwenyewe."

Pembeni ya njia kulikuwa na uzio wa masale, yale majani marefu ya kijani tunayopandia mipaka. Kwetu, mtu akikukosea akakuletea isale, jani moja la masale, umekwisha, huwezi kukataa kumsamehe. Watu wamesameheana ng'ombe kwa isale, wamesameheana damu. Nikachuma jani moja, nikalifunga fundo kama nilivyomwona babu akifanya, nikaingia uwanjani kabla ya wenzangu.

Ukuta wa mwisho mama alikuwa kitandani, amekonda, blanketi la kijivu kifuani. Hakuwa anamtazama mchoraji. Alikuwa ameelekeza macho kwenye mlango wa uwanja, na mlangoni pale nilikuwa nimesimama mimi.

Sirili alitoka ndani na brashi mkononi. Nikavua kofia na miwani, nikaviweka chini. Ndevu zake zilikuwa zimeingia mvi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Hotuba yote niliyoiandaa ndani ya basi ilikuwa imepotea. Nikamnyooshea jani. "Sirili, nisamehe yale ya msibani. Nilikudhalilisha mbele za watu, na sikuwa najua ninachosema."

Akalitazama jani. Akatazama uzio nyuma yangu.

"Umelichuma wapi?"

"Hapo nje."

Jesse, aliyekuwa amefika mlangoni, akaanza kucheka kisha akajizuia. Hapo ndipo nilipokumbuka. Isale la kuomba msamaha linatoka kwenye kihamba cha mwombaji, shamba lake la ukoo, haliokotwi njiani. Miaka thelathini ya Dar imenila akili ya kwetu. Nilikuwa nimemwomba mdogo wangu msamaha kwa jani lake mwenyewe.

"Hili ni langu, dada," alisema, akalichukua. Nikajua nimefukuzwa. Nikainama kuokota kofia yangu.

"Subiri. Isale linatoka kwa mwenye kosa. Hili limetoka kwangu." Akalishika kwa mikono miwili, akaninyooshea. "Basi anayeomba ni mimi."

"Wewe umekosa nini?"

"Mtazame anaangalia wapi."

Nikageuka ukutani. Macho ya mama yalikuwa palepale mlangoni.

"Alikutaja siku tatu," Sirili akasema. "'Mpigie dada yako Monica, mwambie aje.' Simu nilikuwa nayo, vocha nilikuwa nayo. Sikupiga. Nilijua ukija utambeba umpeleke hospitali kubwa Dar, akafie kwenye korido. Na nilikuwa sijamaliza kumchora. Siku ya nne hakuuliza tena, akawa anatazama mlango tu. Nikamchora hivyohivyo."

Wageni walikuwa wamejaa mlangoni na hakuna aliyeinua simu. Siku tatu alinitaja. Nilikuwa kazini siku zile, nakumbuka vizuri, nilikuwa nahesabu madaftari ya wanafunzi. Nilitaka kumpiga kofi mdogo wangu, nikataka kumkumbatia, na jani lilikuwa bado mbele yangu.

Nikalipokea.

"Nimepokea," nikasema. "Lakini nina hasira, Sirili. Nitakuwa na hasira siku nyingi."

"Kasirikia hapahapa, dada," akasema. "Usirudi kukasirikia Dar."

Akaniletea kigoda. Nikakiweka karibu na ukuta, mahali macho ya mama yalipokuwa yanafika, nikakaa.