Magunia Matatu ya Mwenyekiti

Devotha alijua mambo yameharibika alipoyaona makabrasha ya mradi wake. Aliyatuma wiki tatu kabla, moja kwa kila mjumbe wa bodi, na sasa yalikuwa mezani bado yamo kwenye nailoni zake. Mjumbe mmoja alikuwa ameweka soda juu ya la kwake.

Miaka miwili mhandisi huyu wa Kampuni ya Sukari Mtamani alihangaika na makapi ya miwa yaliyorundikana nyuma ya kiwanda. Aliunda mashine kwa vyuma chakavu, akayachoma makapi, akachanganya na molasi, akapata mkaa mbadala. Akina mama sita wa mtaa jirani wa Bigwa, waliozoea kupanda milima ya Uluguru kukata miti ya mkaa, waliacha mapanga nyumbani wakaja kufanya kazi kibandani kwake. Leo bodi ingeamua kibanda kikuzwe au kifungwe.

"Kwa ufupi, binti," alisema mwenyekiti, Mzee Amosi. "Chakula kinatungoja."

Wajumbe wote tisa walivaa fulana mpya zilizoandikwa MWAKA WA UBUNIFU. Devotha akaeleza kwa dakika nne kati ya tano alizopewa, ya tano ikaliwa na simu ya mtu.

"Kuna kampuni nyingine iliyowahi kufanya hivi?" aliuliza mwenyekiti.

"Hapana, mheshimiwa. Tutakuwa wa kwanza."

"Basi ndiyo hatari yenyewe hiyo. Sisi ni watu wa sukari. Mkaa wa nini?"

Mjumbe mwingine akauliza kama pale kibandani pangefaa kuwa maegesho, maana gari lake lilishinda juani. Hilo ndilo lililowaamsha, wakalijadili nusu saa nzima. Mkurugenzi mtendaji, yule yule aliyemwambia Devotha "thubutu tu, nipo nyuma yako", alikuwa akichunguza kucha zake. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, na wa kuuongeza ni hao hao waliokuwa wamekaa pale. Ikapitishwa kibanda kibomolewe Jumatatu.

Nje, Abuu mpishi alikuwa anageuza mbuzi. Mzee Amosi alikula ubavu mzima amesimama, mafuta yakimdondokea juu ya neno UBUNIFU.

"Mkaa gani huu?" aliuliza. "Hauna moshi hata chembe, na moto umetulia!"

Abuu, bila hila yoyote, akanyoosha kisu kumwelekea Devotha. "Wa Injinia huyo, mzee. Ndio tunaopikia siku zote."

Devotha akangoja. Mjinga yeye, alidhani ataona aibu kidogo usoni mwa mtu mzima yule. Mzee Amosi akalamba kidole gumba.

"Kumbe! Basi nijazie magunia matatu, uweke kwenye gari langu. Kabla hawajabomoa."

Wajumbe wakaangua kicheko.  Devotha alikuwa na maneno, na yalikuwa makali, lakini kilichomtoka kilikuwa, "Sawa, mzee."

Mwanahawa, mkubwa wa wale akina mama, alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda tangu asubuhi. Aliyaona magunia matupu mikononi mwa Devotha kabla hajauona uso wake.

"Wameagiza!" alipaza sauti. "Jamani, mabosi wameagiza, tumepita!" Akapiga kigelegele, wenzake watano wakaitikia kutoka kwenye mashine.

"Shikamoo, mama. Ngoja kwanza nikwambie..."

"Marahaba, mwanangu. Tungoje nini tena? Shika gunia hilo!"

Devotha akashika. Mchana kutwa alikuwa akiwachukia wale wazee, na sasa alijichukia yeye mwenyewe, maana gunia lilikuwa linajaa, wanawake wanaimba, naye mdomo haujafunguka. Mwanahawa aliinama, akachambua mkaa kipande kwa kipande.

"Vilivyovunjika viwekeni kando," aliwaambia wenzake. "Tuwape vizima vitupu, wasije wakajuta kutuamini."