Fimbo Aliyopewa Limpho

Theluji ilitukuta mlimani tukirudi kutoka kliniki: mimi, baba mkwe, na Limpho wangu wa miezi mitano. Upepo ulipogeuka nikajua hatutafika kijijini kabla haujatulia. Mtoto alikuwa ameacha kulia mgongoni, na hilo ndilo lililonitisha.

"Malimpho! Huku!" baba mkwe akaniita, yaani Mama Limpho, kutoka nyuma ya mwamba. Upepo haukufika pale, ila juu palikuwa wazi.

Nikavua blanketi langu liwe paa. Lakini paa linataka mti, na kule juu hata kichaka hakioti. Kulikuwa na fimbo yake tu. Kwetu mke wa mwana hashiki fimbo ya baba mkwe, kama asivyotaja jina lake. Mwenyewe akajaribu kuichomeka kwenye ufa wa mwamba. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Ikaanguka mara mbili.

"Ichukue."

"Siwezi, Baba."

"Lakini kubishana unaweza."

"Hilo sikukatazwa."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaiinua fimbo kwa viganja, akazunguka nyuma yangu.

"Limpho, bibi mdogo, shika. Ni yako. Mama yako akiitaka akuombe wewe."

Nikahisi mkono mdogo ukihangaika begani kwangu, kisha ukaing'ang'ania.

"Naomba fimbo yako, mwanangu," nikasema. Nilisema kweli, kwa sauti, nikaichukua.

Ncha moja nikaichomeka kwenye ufa, nyingine nikaiegemeza kwenye rundo la mawe. Nikatupia blanketi, nikabana pindo zake kwa mawe, nikang'oa nyasi za kukalia. Kilikuwa kibanda cha kuchutama tu.

Baba mkwe akabaki nje.

"Ingia, Baba."

"Humo mkwe na mkwe hawatoshi."

"Basi mbebe mwenye fimbo. Yeye halali nje."

Nikamweka Limpho mikononi mwake. Akaingia akinung'unika, akamfunika kifuani ndani ya blanketi lake, akaanza kumpulizia pumzi kwenye vidole, kimoja kimoja.

Nami nikachutama kando yao, tukakaa hivyo kwa muda mrefu. Hatimaye Limpho akalia, kwa hasira, akitaka ziwa. Nikageuza uso, machozi yananitoka.

"Huyu mzima," akasema baba mkwe. "Anagomba kama mama yake."

Akanirudishia mtoto pamoja na nusu ya blanketi lake, uso ameuelekeza kwenye mwamba. Nikajifunika.